Sarufi ya Kikomo Katika Hesabu za Maneno

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba hesabu za maneno zinapogeuzwa kuwa kauli za kutolingana, kazi ya kwanza ni ya sarufi. Mfano umechukuliwa kutoka kivuko cha Likoni, ambako watu na magari huvuka maji ya Kilindini kwenda kisiwani Mombasa.

Na ichukuliwe feri ya kubuni ambamo lori moja hukalia nafasi ya magari madogo matatu. Masharti ni haya: nafasi zitakazokaliwa zisizidi 60, malori yasipungue 6, na kwa kila lori yapakiwe magari madogo yasiyopungua mawili. Magari madogo yakiwa x na malori y, sharti la kwanza ni x + 3y ≤ 60, na la pili ni y ≥ 6.

Sharti la tatu ndilo hukwaza. Mwanafunzi afuataye mpangilio wa maneno huanza na lori, akaandika y ≥ 2x. Kumbe kinachowekewa kikomo ni magari madogo, na lori ni kipimo tu. Jibu ni x ≥ 2y: malori 6 yadai magari madogo 12 au zaidi.

Jambo la pili ni ukanushi. "Zisizidi 60" hukana kuzidi tu, kwa hiyo 60 yenyewe imo. "Chini ya 60" huitoa. Magari madogo 24 na malori 12 hujaza nafasi 60 kamili: kwa kauli ya kwanza feri huondoka, kwa ya pili huzuiwa. Neno "angalau" nalo lina utata wake. Darasani huweka kikomo cha chini, katika mazungumzo huliwaza, kama asemavyo abiria, "Angalau tumepata pa kusimama."

Tofauti hizi si za daftarini pekee. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, jirani na Likoni, iliyokuwa na uwezo wa kuchukua abiria 300, ilipinduka ikiwa na watu wapatao 400; watu 272 walikufa. Yafaa basi mwalimu, kabla ya kudai alama yoyote ubaoni, amwulize mwanafunzi maswali mawili: ni kitu gani kinachohesabiwa, na je, kikomo chenyewe kimo au hakimo?