Je, Wajua? Uwanja wa ndege wa Banjul, mlango mdogo wa Gambia

Je, wajua kuwa kwa zaidi ya miaka kumi Marekani ilikuwa na mpango kamili wa kutua na chombo cha anga za juu katika nchi ndogo kuliko zote za Afrika, ukiacha visiwa? Uwanja wenyewe uko Yundum, kilomita zipatazo 25 kutoka Banjul, mji mkuu wa Gambia. Kuanzia mwaka 1987, NASA iliuweka katika orodha ya viwanja vya dharura vya Space Shuttle ng'ambo ya Atlantiki, kuchukua nafasi ya Dakar. Chombo kikishapaa kutoka Florida na injini ikafa dakika chache baadaye, huenda kisiweze kugeuka nyuma wala kufika kwenye mzingo. Kilichobaki ni kuvuka bahari nzima na kutua Afrika, chini ya saa moja tangu kuruka.

Kutua huko hakuna jaribio la pili. Space Shuttle ilikuwa ikirudi duniani bila nguvu ya injini, ikiteleza hewani tu, na rubani akikosea hana namna ya kupanda tena. Ndiyo maana NASA ilifunga Yundum taa maalumu na vifaa vya kuongozea chombo, na wataalamu wake walipelekwa huko wakati wa kurusha. Mkulima wa karanga wa Brikama, mji wa jirani, alikuwa akipalilia shamba lake, na kilomita chache kando yake kuna watu wameketi na redio wakisubiri wanaanga ambao kila mtu aliomba wasije. Hawakuja. Katika historia yote ya Space Shuttle, hakuna safari iliyolazimika kutua ng'ambo ya Atlantiki, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Banjul iliondolewa katika orodha hiyo.

Njia ya kurukia ya Yundum ina urefu wa mita 3,600. Sehemu kubwa ya nchi yenyewe haifiki kilomita 50 kwa upana, kwa hiyo rubani akichelewa kidogo kugeuka, amekwisha ingia anga ya Senegal.

Je, wajua kuwa Rais wa kwanza wa Marekani kufika Afrika akiwa madarakani alipitia hapa? Januari 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Franklin Roosevelt alivuka Atlantiki kwa siri kwa ndege ya majini. Alishukia mtoni Bathurst, jina la Banjul kabla ya mwaka 1973, akalala katika meli ya kivita, na asubuhi akapelekwa kwa gari hadi Yundum kupanda ndege nyingine kuelekea Casablanca kukutana na Churchill. Barabara ile ilimwonyesha wafanyakazi wa koloni la Kiingereza wakienda kazini wamevaa matambara. Roosevelt hakuyasahau. Baadaye aliueleza hadharani ufukara aliouona Gambia, na akauhoji utawala wa kikoloni uliouzaa. Wako wanaosafiri wasione kitu. Huyu, asiyeweza hata kutembea bila kusaidiwa, aliona mengi kupitia dirisha la gari.

Miaka mitatu baadaye Yundum ilikuwa kituo cha kujaza mafuta kwa ndege za British South American Airways zilizokuwa zikitoka London kwenda Amerika Kusini. Tarehe 7 Septemba 1946, ndege yake aina ya Avro York iliyoitwa Star Leader ilianguka muda mfupi baada ya kuruka hapo. Watu wote 24 waliokuwamo walikufa.

Je, wajua kuwa Yundum ina undugu na Kongwa ya Dodoma? Watanzania wengi wamesimuliwa mpango wa karanga wa Waingereza, ule wa mwaka 1947, ulioleta matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukala mamilioni ya pauni na kuacha ardhi iliyochunwa. Wachache wameambiwa kwamba karibu wakati ule ule Uingereza ilianzisha mpango wa kuku Yundum. Uingereza ilikuwa na njaa ya mayai baada ya vita, na Shirika la Maendeleo la Makoloni likaahidi mayai milioni 20 kwa mwaka kutoka Gambia. Msitu ulifyekwa ili kulima chakula cha kuku. Mazao hayakutosha, kisha maradhi yakaingia mabandani na kuku wakafa kwa maelfu. Mayai yaliyofika Uingereza hayakuzidi elfu arobaini. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, mwaka ule ule wa karanga kufutwa. Kongwa na Yundum ziko pande mbili za bara, lakini kosa lilikuwa moja: watu wa mbali walipanga kabla ya kuwauliza wakulima waliozijua mvua na udongo wa pale.

Utalii wa Gambia ulianza na Waswidi wapatao 300. Mswidi Bertil Harding ndiye aliyewaleta, mwaka 1965, mwaka wa uhuru, na barabara kuu inayopita ukanda wa mahoteli hadi leo inaitwa kwa jina lake. Tangu hapo uwanja huu unaishi kwa majira. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikiwa imekatika na Ulaya imeganda, ndege za kukodi hushuka moja baada ya nyingine. Mvua zikianza Juni, jengo hupoa, na dereva wa teksi aliyekuwa akibeba wageni kila siku hukaa kivulini akihesabu wiki.

Kampuni ya Thomas Cook ilipofilisika Septemba 2019, ilikuwa ikileta sehemu kubwa ya watalii wa Gambia, na msimu ulikuwa umebakiza wiki chache kuanza. Magazeti ya Ulaya yaliandika habari za watalii waliokwama hotelini. Wapishi, wauza matunda wa ufukweni na wachukuzi wa mizigo wa Yundum hawakupata nafasi kubwa kurasani, ingawa wao ndio waliopoteza mwaka mzima.

Abiria anayeshuka hapa kwa mara ya kwanza hukutana na mambo manne kabla hajafika barabarani. Kwanza ngazi ya ndege na joto linalompiga usoni, maana humu watu hushuka wakakanyaga lami. Pili salamu, na hapa Mswahili hapati shida, kwa kuwa "salaam aleikum" ndiyo inayofungua kila mazungumzo, na Mgambia hakubali kuulizwa bei kabla hajajuliwa hali. Tatu wachukuzi, wenye mikono myepesi, watakaolishika begi lako kabla hujasema ndiyo. Patana nao mapema, wala usiwaone wasumbufu: wengi wanalisha nyumba kwa bahashishi hizo. Nne teksi. Zile za kijani ni za watalii na nauli yake ni kubwa. Za njano zenye mstari wa kijani ndizo wanazopanda wenyeji, kwa kuchangia. Anayejua njia na asiye na mizigo mingi hutembea hadi barabara kuu akapanda ya njano.

Wapenda ndege wa porini husafiri kutoka Uingereza na Uholanzi kwa ajili ya Gambia peke yake. Nchi hii ina aina zaidi ya 500 za ndege, na hifadhi ya Abuko, iliyoanzishwa mwaka 1968, iko kilomita chache tu kutoka njia ya kurukia. Ukiwa na saa nne za kusubiri safari, zinatosha.

Fedha ya hapa ni dalasi, iliyochukua nafasi ya pauni mwaka 1971. Itumie yote kabla hujaondoka, kwa sababu ni vigumu mno kuibadilisha nje ya Gambia.

Jengo la abiria lililofunguliwa mwaka 1996 lilichorwa na Pierre Goudiaby Atepa, msanifu wa Senegal. Ndiye pia aliyechora lango la Arch 22 mjini Banjul na lile sanamu kubwa la Dakar, Mnara wa Mwamko wa Afrika. Ni jambo la kujivunia kwamba nchi mbili jirani, zenye ugomvi wa kila mara kuhusu mipaka na feri, zilikubaliana angalau juu ya fundi.

Je, wajua kuwa shirika la ndege la Gambia, Gambia International Airlines, linajulikana zaidi kwa kuhudumia ndege za wengine zikiwa ardhini? Waliojaribu kurusha zao wamepata taabu. Gambia Bird ilianza mwaka 2012 na kusimama mwishoni mwa 2014, Ebola ilipowafukuza wasafiri Afrika Magharibi nzima, ingawa Gambia yenyewe haikuwa na mgonjwa.

Kisa cha Air Dabia ni kizito zaidi. Shirika hilo la miaka ya 1990, lililoandikishwa Gambia, lilikuwa la Foutanga Babani Sissoko wa Mali, aliyelipa jina la kijiji chake. Fedha zilitoka Dubai Islamic Bank: kati ya mwaka 1995 na 1998 meneja mmoja wa benki hiyo alimtumia dola milioni 242, akiamini kuwa Sissoko ana uchawi wa kuzifanya pesa zijizae. Mahakama ya Dubai ilimhukumu Sissoko kifungo bila yeye kuwapo. Hakukitumikia. Alikufa Mali mwaka 2021, na ndege za Dabia zilikuwa zimekwisha kutoweka angani miaka mingi kabla yake.

Historia ya siasa za Gambia nayo imepita kwenye lami hii. Tarehe 21 Julai 1994 Rais Dawda Jawara aliporudi kutoka safari, askari waliokwenda kumpokea Yundum walinyang'anywa silaha mbele ya watu. Kesho yake vijana wa jeshi walimpindua, wakiongozwa na luteni aliyeitwa Yahya Jammeh. Miaka 22 baadaye Jammeh akashindwa uchaguzi na kugoma kuondoka. Januari 2017 watalii kwa maelfu walihamishwa haraka kupitia uwanja huu, huku mshindi, Adama Barrow, akiapishwa Dakar katika ubalozi wa nchi yake. Usiku wa tarehe 21 Jammeh alipanda ndege hapa kwenda uhamishoni, na serikali mpya ikaeleza kuwa magari yake ya kifahari yalipakiwa katika ndege ya mizigo. Tarehe 26 Barrow alitua. Umati uliompokea ulijaa barabara yote kutoka Yundum.

Januari 10, 2024, timu ya taifa ya soka iliruka kutoka hapa kwenda Kombe la Afrika nchini Ivory Coast. Baada ya dakika tisa ndege ikageuza: hewa ndani ilikuwa imepungua. Kocha, Mbelgiji Tom Saintfiet, alieleza kwamba wachezaji walianza kupoteza fahamu kama watu waliosinzia, na kwamba wangeweza kufa wote. Mashabiki wa Yanga wanamkumbuka: ndiye aliyewapa Kombe la Kagame mwaka 2012. Siku tano baadaye vijana wale walikuwa uwanjani dhidi ya Senegal.

Tangu mwaka 2019 abiria wameonja ada ya usalama: dola 20 kuingia na dola 20 kutoka, nje ya bei ya tiketi. Foleni ya kuilipa, baada ya safari ndefu na watoto waliochoka, imewaudhi wageni na wenyeji sawasawa. Nawaunga mkono. Usalama una gharama, lakini pahali pa kuikata ni kwenye tiketi, si mbele ya mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Je, wajua kwa nini utakutana na wanasheria kutoka Arusha na Nairobi katika jengo hili? Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu huitwa pia Mkataba wa Banjul, kwa sababu ulijadiliwa huko mwaka 1980 na 1981, kisha ukapitishwa Nairobi. Tume inayousimamia ina makao Banjul tangu 1989. Mahakama yake iko Arusha. Safari kati ya miji hiyo mara nyingi hupitia Dakar, Accra, Lomé au Casablanca, na mtu huweza kufika Ulaya upesi kuliko kumfikia Mwafrika mwenzake.

Katika ukumbi huo huo wa kuwasili, tangu mwaka 2017, wametua maelfu ya vijana wa Kigambia waliorudishwa kutoka Libya kwa ndege zilizokodiwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Waliondoka kwa miguu na malori kupitia jangwani, wengine wakafungwa, wakapigwa, wakauzwa. Wamerudi na mfuko mmoja wa plastiki, na nyumbani kuna shamba au ng'ombe waliouzwa kuwalipia njia. Hakuna abiria wa uwanja huu anayestahili kupokewa kwa heshima zaidi ya hao.

Mwingereza haombi viza kwenda kupumzika Gambia. Mgambia anayetaka kwenda Ulaya, nchi yake ilipogoma kupokea ndege za waliofukuzwa huko, aliwekewa masharti makali zaidi na Umoja wa Ulaya mwaka 2021, na mwaka uliofuata ada ya viza yake ikapandishwa hadi yuro 120. Ilirejea kiwango cha kawaida mwaka 2024.

Gambia yenyewe imechagua njia nyingine. Katika ripoti ya mwaka 2022 ya Benki ya Maendeleo ya Afrika kuhusu viza, ni nchi tatu tu zilizokuwa hazimdai viza Mwafrika yeyote: Benin, Ushelisheli na Gambia. Mkenya, Mtanzania au Mkongo anayepanga safari aulizie masharti mapya kwanza, maana hubadilika. Kisha abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kile huulizwa mlangoni.