Kabla Hujanunua Sabufa Nyingine, Hamisha Uliyonayo

Sebule ya futi kumi kwa kumi, kuta za tofali za kuchoma, sakafu ya sementi, bati juu bila dari. Sabufa imebanwa kwenye kona na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Spika ndogo mbili ziko juu ya kabati, moja imeelekea dirishani. Nyumba za namna hii ni nyingi hapa Mtae, milimani Usambara, na malalamiko ya wenyewe hufanana: besi inavuma, maneno ya mwimbaji hayashikiki, basi wanaulizia sabufa kubwa zaidi. Mimi huwaomba wasitoe hela kwanza. Kinachoharibu muziki pale ni chumba, na sabufa kubwa itauharibu zaidi.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde katika baridi ya Usambara. Kuta mbili zikiachana futi kumi, yaani mita tatu na kidogo, kuna wimbi moja linalotoshea kati yake barabara, likaenda na kurudi huku likijiongeza: lile la mitetemo kama 56 kwa sekunde. Sasa uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa mitetemo 55. Kwa hiyo mpiga besi akiugusa uzi huo, chumba chenyewe kinaitikia, na nota moja inazimeza zote zinazoifuata. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi kwa sababu jozi zote mbili za kuta zinachagua nota ile ile, na kona ndipo jozi hizo zinapokutana. Aliyeketi akiegemea ukuta anapigwa na besi kifuani. Aliyesimama katikati ya chumba anashangaa imekwenda wapi.

Dawa yake ni ya bure. Iweke sabufa kwenye kiti unachokalia siku zote, ucheze wimbo wenye besi inayotembea, kisha uzunguke chumbani umeinama, sikio likiwa karibu na sakafu. Utafika mahali ambapo kila nota inasikika kwa uzito unaokaribiana. Hapo ndipo pa kuiweka sabufa, hata kama hapapendezi macho, nawe urudi kitini pako. Kiti nacho kisogeze kidogo kutoka ukutani.

Spika ndogo zishushwe kabatini ziwe usawa wa masikio, ziachane kadiri ya umbali wako nazo, zote zikikuangalia. Kitambaa kizito kiondolewe usoni mwa spika hizo, maana kinakula sauti nyembamba, zile zinazotufanya tutofautishe "s" na "f". Juu ya sabufa pia kisizibe matundu ya kupitisha joto. Pazia zito, kochi na mkeka vitatuliza mwangwi wa sementi na vioo. Ila usitegemee pazia kuzuia besi. Mawimbi marefu kiasi kile hulipita kana kwamba halipo.

Kuna kosa jingine nalikuta mara nyingi kwenye nyumba ambazo waya uliwahi kukatika ukaungwa upya: spika moja imefungwa kinyume. Koni ya huku ikisukuma hewa, ya kule inavuta, na besi zinauana. Utalijua kwa nyimbo za zamani. Nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970, za Atomic Jazz ya Tanga zikiwamo, zilirekodiwa kwa mono, hivyo sauti ya mwimbaji inatakiwa isimame katikati kabisa ya spika mbili. Ukiisikia imetawanyika, hujui inatoka wapi, shuku waya. Chomoa spika kwenye amplifaya, chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha ncha mbili za waya kwa nukta moja tu huku ukiitazama koni. Ikiruka mbele, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Ikirudi ndani, ni kinyume chake. Tia alama, pima na ya pili, kisha uzifunge zilingane.

Kuhusu wati, zile tarakimu kubwa za PMPO kwenye boksi zisikusumbue. Geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma kinachosema inatumia umeme kiasi gani. Kikisema wati 40, haiwezi kuendelea kutoa zaidi ya hizo. Na ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, unahitaji kama mara kumi.

Masika ndiyo yanayoua twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Mvua inapiga bati, mtu anafungua sauti mpaka mwisho, amplifaya inaishiwa nguvu na kuanza kukata vichwa vya mawimbi. Mkwaruzo unaousikia hapo ni nguvu nyingi ya sauti nyembamba ikiingia kwenye twita isiyoimudu. Kwa anayetumia sola hali ni ngumu zaidi, kwani siku za ukungu betri haijai na volti zinashuka mapema. Ukisikia mkwaruzo, punguza. Mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya muziki wake, ningemshauri anunue siling bodi za dari, zipunguze kelele ya mvua kwenye bati asilazimike kufungua sauti mpaka mwisho.

Ukungu huo huo huleta kutu kwenye pini za waya. Zifute kwa spiriti, uzichomoe na kuzirudisha mara kadhaa. Kwa sababu ya unyevu huo, sabufa nayo isigusane na ukuta wa nje.

Mwisho, tazama nyimbo zenyewe kwenye flashi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa kila dakika. Ya 320 hula zaidi ya mara mbili ya hapo. Wimbo wa dakika nne wenye megabaiti mbili umebanwa mno, matoazi yake yatasikika kama maji yanayochemka, na hakuna spika itakayorudisha kilichotupwa. Mwambie kijana wa kibanda cha kuwekea nyimbo akuwekee wa megabaiti tisa au kumi, hata kama flashi itabeba nyimbo chache. Na asiupate kwa kuubadilisha ule mdogo kuwa mkubwa: ukubwa utaongezeka, sauti itabaki ile ile.