Rupia ya Mjerumani: Jinsi ya kuitambua iliyo ya kweli kabla ya kuuza au kununua

SARAFU ya kale haikutwi ardhini tu. Aghalabu huonekana mahali pa kawaida kabisa: ndani ya kibubu, chini ya sanduku la marehemu bibi, au katika kopo la vifungo na misumari. Mara maneno ya Kijerumani yanapoonekana juu yake, uvumi huanza, na haipiti muda mrefu kabla hajajitokeza mtu anayetaka kuinunua kwa bei ya kutupa, au anayetaka kuuza nyingine kwa mamilioni ya shilingi.

Hasara huweza kupatikana kwa pande zote mbili. Yupo anayeachia kitu cha thamani kwa fedha za kununulia unga, na yupo anayeuza kiwanja ili anunue kipande cha shaba. Wote wawili wangeweza kuepuka hasara hiyo iwapo wangejua mambo machache kuhusu sarafu zenyewe.

Zilitoka wapi?

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Ndogo ilikuwa pesa ya shaba nyekundu, yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Kubwa ilikuwa rupia ya fedha, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya kijeshi. Rupia moja ilikuwa na pesa 64.

Kuanzia mwaka 1904 mfumo huo ulibadilishwa, rupia ikagawanywa katika heller 100. Wenyeji waliitamka heller kuwa hela, na neno hilo lingali midomoni mwa watu hadi leo ingawa sarafu yenyewe ilikwisha kutoweka.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliifunga pwani na sarafu kutoka Ujerumani zikaacha kufika. Mwaka 1916 Wajerumani walianzisha kiwanda cha dharura katika karakana ya reli huko Lulanguru, karibu na Tabora. Hapo zilitengenezwa hela 5 na hela 20 za shaba, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo na milima nyuma yake. Dhahabu hiyo ilitoka mgodi wa Sekenke, ulio katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Singida.

Zilitengenezwa rupia 16,198 za dhahabu. Septemba 19, 1916, majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora. Hiyo ndiyo sarafu inayotafutwa zaidi na wakusanyaji, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoigwa zaidi na matapeli.

Ukale si uadimu

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba kila sarafu ya kale ni adimu. Pesa za shaba za miaka ya 1891 na 1892, kwa mfano, zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi zimesalia. Kinyume chake, sarafu ya rupia mbili ya mwaka 1893 na 1894 ilitolewa kwa idadi ndogo sana ikilinganishwa na rupia moja.

Mfano mwingine ni senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja kabla ya kujiuzulu Desemba 1936, na Uingereza yenyewe haikutoa sarafu za matumizi zenye sura yake. Lakini kwa kuwa sarafu ya huku ilibeba jina tu bila sura, ilitengenezwa mapema na kwa mamilioni. Historia yake ni ya kipekee, bei yake ni ya kawaida.

Vipimo vya awali

Kipimo cha kwanza ni mizani ya sonara. Rupia moja ya fedha, ikiwa haijalika sana, huwa na uzito wa takriban gramu 11.66. Rupia 15 ya dhahabu ina uzito wa takriban gramu 7.17, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu halisi. Dhahabu ni nzito mno kuliko shaba. Hivyo sarafu ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, ikiwa na upana na unene ule ule, itakuwa na gramu nne hivi. Tofauti hiyo haifichiki.

Hata hivyo, kwa hela 20 za Tabora mizani pekee haitoshi. Zilitengenezwa kwa haraka ya vita, na uzito wake hutofautiana hata kwa zile za kweli. Hapo ni lazima kutazama mwaka 1916, taji, herufi D.O.A., na herufi T inayosimama badala ya Tabora.

Kipimo cha pili ni sumaku. Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi na sumaku. Rupia inayonasa ina chuma ndani yake, na habari yake imeishia hapo. Lakini isiponasa, hilo peke yake si ushahidi kwamba ni ya kweli.

Kipimo cha tatu ni macho yenye msaada wa lenzi. Sarafu ya kweli hupigwa kwa muhuri wa chuma, hivyo herufi zake huwa na kingo zilizokatika vizuri. Ya bandia iliyomiminwa katika kalibu huonyesha vitundu vidogo vya hewa, herufi zilizovimba, na wakati mwingine mstari wa maungio ukingoni.

Kuhusu simulizi za mitaani kwamba rupia ya kweli huvuta punje za mchele, hakuna madini ya sarafu yenye uwezo huo. Anayeonyesha mchezo huo anauza mchezo, hauzi sarafu.

Usisafishe

Jambo jingine la kuepuka ni kusugua sarafu kwa mchanga, majivu, limau au dawa ya meno. Weusi unaoonekana ni utando wa miaka mingi, nao ni sehemu ya ushahidi wa umri wake. Ukiondolewa, mikwaruzo hubaki na thamani hushuka.

Sarafu inayopita vipimo hivyo ndiyo inayostahili gharama ya uchunguzi wa kitaalamu. Zipo mashine za mionzi zinazopima mchanganyiko wa madini bila kuikwaruza, na zipo kampuni za nje zinazothibitisha sarafu na kuipa daraja kati ya 1 na 70, kisha kuifungia ndani ya kasha la plastiki.

Suala la bei linapaswa kuja mwisho. Muuzaji anayekataa sarafu yake isipimwe kwa sonara amekwisha kujibu swali lililokuwa likiulizwa. Naye mwenye sarafu hana sababu ya kuharakishwa: iliyokaa sandukuni kwa zaidi ya miaka 100 haitaharibika kwa kusubiri wiki moja zaidi.