Vita vya Mbali na Chai ya Eastleigh

Njooni mketi, wanangu wa Umoja, Dandora, Kaloleni na Majengo. Hadithi ya leo haina Sungura wala Fisi. Ina mama mmoja muuza chai wa Eastleigh. Sitampa jina, kwa maana nimemuumba kutokana na akina mama wengi wa mtaa huo. Lakini vita, serikali na miaka nitakayoitaja sikuitunga.

Mama huyu huamka kabla ya adhana ya alfajiri, kwani anangoja maziwa. Si ya ng'ombe wa Kiambu. Ni maziwa ya ngamia kutoka Isiolo, yanayosafiri kwa basi ndani ya mitungi ya plastiki, yakinukia moshi kidogo kwa sababu wafugaji husafisha vyombo vyao kwa kuvifukiza. Huko Isiolo akina mama wameunda ushirika wao uitwao Anolei, wanayakusanya na kuyatuma Nairobi. Yakifika, anayachemsha na majani ya chai, tangawizi, iliki na mdalasini. Kisha anamimina unga uliochachuka juu ya kikaango, anauzungusha kwa upawa, na canjeera, chapati laini ya Kisomali, inaanza kutoboka vishimo. Mchana ni wali na nyama ya mbuzi au ya ngamia, na ndizi mbivu kando ya sahani. Mtoto wa Mathare akiona ndizi juu ya wali hushangaa. Akionja, hurudi.

Kwenye mabenchi yake huketi makanga wa matatu za namba 6 na 9, mwalimu wa madrasa, Muoromo mshona nguo, Mmeru mwenye miraa na kijana wa mkokoteni kutoka Murang'a. Redio iko juu ya rafu, BBC ya Kisomali. Wakati wa taarifa ya habari sauti za wazee hushuka. Mtoto akiuliza kwa nini, huambiwa anywe chai yake. Mimi nitawajibu: wazee wanasikiliza kwa sababu kila neno la taarifa ile lina njia ya kuwafikia hapo walipoketi.

Januari 1991 Rais Siad Barre wa Somalia aliangushwa mjini Mogadishu. Wababe waliomwangusha wakageukiana, na raia wakakimbia. Wengi walivuka mpaka na kuhifadhiwa Dadaab, katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera. Mama yetu alikuwa mmoja wao, msichana mdogo wakati huo. Wenye jamaa mjini waliendelea mpaka Nairobi, na Nairobi yao ilikuwa Eastleigh. Hawakukuta mtaa mgeni kwao. Wasomali waliishi hapo tangu miaka ya 1920, pamoja na Wahindi, na ndege kubwa za wakoloni zilitua kando yao hadi uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958.

Palikuwa na nyumba ya wageni ikiitwa Garissa Lodge. Wakimbizi walipanga vyumba, wakaweka nguo na redio walizoleta, na mteja akibisha hodi walizitandaza kitandani. Usiku bidhaa zikarudi chini ya kitanda, mwenyewe akalala juu. Baada ya muda vyumba vyote vikawa maduka, hakuna tena mgeni wa kulala. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa maduka makubwa ya ghorofa, mnakoenda na mama zenu kutafuta nguo za Krismasi na za Idi. Napenda sana sehemu hii ya hadithi, maana watu waliopoteza kila kitu waligeuza kitanda kuwa kaunta.

Na fedha zilitoka wapi? Nyingi zilipita kwa hawala. Binti yuko Minneapolis, Marekani. Anaingia kwa wakala, anatoa dola zake na kutaja jina la shangazi yake. Wakala anatuma ujumbe kwa mwenzake wa Eastleigh. Muda si muda shangazi anaitwa, anaonyesha kitambulisho, anapewa shilingi. Hakuna noti iliyopanda ndege. Wale mawakala wawili watalipana baadaye, pengine kwa mzigo wa nguo kutoka Dubai. Ndiyo maana vita vya Mogadishu viliwahi kulipa karo ya shule Nairobi: waliokimbilia mbali zaidi waliwalisha waliokimbilia karibu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panaponiuma.

Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia kupigana na kundi la wapiganaji la Al-Shabaab. Al-Shabaab wakaua watu hapa kwetu. Septemba 2013 waliwaua watu 67 katika jumba la maduka la Westgate. Tarehe 31 Machi 2014 milipuko iliua watu sita Eastleigh kwenyewe, mtaa uleule wa mama yetu. Alilia kama wengine, na siku chache baadaye polisi wakagonga mlango wake. Msako uliitwa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa. Kituo cha Pangani kikajaa, wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani, ule mnaoujua kwa mpira na riadha, wakapigwa msasa humo. Kuna waliopandishwa ndege kurudishwa Mogadishu. Jiko la chai lilikaa baridi, na kijana wa mkokoteni akakosa kazi kwa sababu maduka yalifungwa.

Hebu ulizeni nyumbani kama kuna mzee anayekumbuka Aprili nyingine, miaka 60 kabla ya hiyo. Tarehe 24 Aprili 1954 askari wa Mwingereza waliizingira Nairobi alfajiri. Waliiita Operesheni Anvil. Katika mitaa hiihii ya Eastlands, Bahati, Pumwani, Kaloleni, walitoa watu nje nyumba kwa nyumba wakitafuta Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kila mtu alidaiwa kipande, yaani karatasi ya utambulisho. Watu waliofunikwa magunia usoni, wakiitwa gakunia, walitikisa kichwa tu, na hiyo ikawa hukumu. Watu wapatao 20,000 walipelekwa Lang'ata kuchujwa, na wengi wakaishia vizuizini Manyani na Mackinnon Road.

Sisemi kwamba serikali ya 2014 ni ile ya mkoloni, wala kwamba mabomu hayakuwepo. Yalikuwepo, na kuwasaka wauaji ni wajibu wa serikali yoyote. Nasema kwamba babu wa kijana wa mkokoteni mwaka 1954 na mama muuza chai mwaka 2014 walisimamishwa mahali pamoja, wakaulizwa swali moja: karatasi yako iko wapi? Hawakuulizwa walichofanya. Hilo lilikuwa kosa mara ya kwanza, na mara ya pili lilikuwa kosa vilevile.

Tena wengi wa walioulizwa mwaka 2014 walikuwa Wakenya wa Garissa, Wajir na Mandera, watu wasio na nchi nyingine. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wasomali Wakenya na kuwapa kadi ya ziada juu ya kitambulisho cha taifa. Fikirini: jirani yenu ana kadi moja na ninyi mnadaiwa mbili.

Siasa za eneo letu huja pia zikiwa zimefungwa kwenye majani ya mgomba. Mmeru wetu huleta miraa kutoka Maua. Zamani ndege zilipaa kila siku kutoka uwanja wa ndege wa Wilson zikiwa na magunia ya kwenda Mogadishu. Machi 2020 Somalia ilizuia safari hizo kwa sababu ya korona. Korona ikalegea, zuio likabaki, kwani nchi mbili zilikuwa zikigombania mpaka wa bahari. Desemba mwaka huohuo Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Kenya. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, iliipa Somalia sehemu kubwa ya bahari iliyogombaniwa. Miraa ilirudi Mogadishu Julai 2022. Katikati hapo wakulima wa Maua walikaa na mashamba mabichi na mifuko mitupu, na Mmeru akanywa chai ya mkopo kwa Msomali, huku redio ikisema nchi zao hazisemezani. Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mezani pale jumuiya ilikuwepo tangu zamani.

Na si Wasomali peke yao waliokimbia vita: huenda mmewasikia watu wa Syria. Vita vyao vilianza 2011, na wengi walikimbilia Uturuki, Lebanoni na Yordani. Kambi ya Zaatari ilifunguliwa Yordani 2012, na hazikupita siku nyingi ikawa na barabara ya maduka, vinyozi, mikate na simu. Tarehe 8 Desemba 2024 Bashar al-Assad alikimbia nchi, na papo hapo dunia ikawauliza Wasyria: mtarudi lini? Mama yetu alisikia swali hilo redioni na kulitambua. Ameulizwa tangu akiwa na meno ya utoto. Jibu lake hutegemea anayeuliza. Akiulizwa na askari hujibu kwa upole, "Hivi karibuni, afande." Kwa jirani huvuta pumzi na kusema nyumba ya baba yake ilikuwa karibu na soko la Bakaara mjini Mogadishu, na hajui nani anaishi humo.

Anaye binti wa kidato cha nne, aliyezaliwa Nairobi. Binti huongea Sheng kuwashinda makanga, Kisomali chake huchekwa na nyanya yake, na hajawahi kuiona Mogadishu. Anaketi dawati moja na rafiki yake, Msomali mwenzake ambaye wazazi wake ni Wakenya wa Wajir. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba msasa maalumu kwa vijana wa kaskazini wanaotafuta vitambulisho umekwisha. Tangazo hilo likitimizwa, rafiki huyo akifikisha miaka 18 atapanga foleni kama Mkenya yeyote. Binti wa mama muuza chai atapanga foleni nyingine, ya kadi ya mkimbizi. Sheria ya wakimbizi ya 2021 iliahidi kurahisisha ajira na masomo kwa walio na kadi hiyo, na siku hizi mama huwauliza wateja wake, mwalimu, makanga hata afande, kama kuna anayejua ofisi inayoshughulikia jambo hilo.