Twendeni Lamu Tukaione Siwa

Watoto wazuri, sogeeni karibu. Leo nawachukua hadi Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, mji wa vichochoro vyembamba ambako punda hapigiwi honi, maana magari ni ya kuhesabu. Ukija kwa ndege utatua kisiwa cha Manda, kisha uvuke kwa boti. Ukija kwa basi, litakomea Mokowe, huko bara, na hapo pia utapanda boti. Ukiwa bado majini utaiona nyumba nyeupe ya ghorofa ikitazama bahari, ina varanda na mlango uliochongwa. Hiyo ndiyo Makumbusho ya Lamu. Nyumba ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, ikakaliwa na wakubwa wa serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafunguliwa iwe makumbusho.

Wageni wengi huingia, huzunguka vyumba vyote mbiombio, hupiga picha, kisha hao, wameondoka. Waulize wameona nini, watakujibu: "Vitu vya kale." Vitu gani? Vya nani? Vilikuwa vinafanya kazi gani? Hapo mtu huanza kujikuna kichwa. Sisi leo hatutazuru hivyo. Vyumba vingi tutavipita kwa mguu mwepesi, halafu tusimame mbele ya kitu kimoja tukiulize maswali hadi kituchoke.

Lakini kwanza, sheria. Mlangoni utaambiwa usiguse. Najua mnaichukia sheria hii, kwa hiyo nitawaambia sababu yake. Kidole chako, hata kama umenawa, kina mafuta na chumvi ya jasho. Ukishika shaba, alama ya kidole hubaki, na baada ya muda chumvi ile huila shaba ikaacha doa lisilofutika. Pembe ya ndovu nayo hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Hali ya hewa ikigeukageuka, pembe hutanuka na kunywea mpaka ipasuke. Na Lamu ni kisiwa! Upepo wa bahari huleta chumvi usiku na mchana, na bungua wanangoja mbao. Watunzaji wa makumbusho wanapigana vita hivyo kila siku, na wewe ukitia kidole unajiunga na jeshi la adui.

Haya, tuingie. Angalieni ule mfano wa mtepe, chombo cha baharini cha wazee wetu. Inameni mtazame pale ubao unapokutana na ubao. Mnaona msumari? Hamuoni, kwa sababu haupo. Mbao za mtepe zilitobolewa matundu na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka uliosukwa kwa majani. Kwa chombo cha kushonwa namna hiyo watu walipakia mizigo wakaikabili Bahari ya Hindi. Mtu akikwambia kushona ni kazi ya nguo tu, mlete hapa.

Hatua chache mbele, kiti cha enzi. Kimetengenezwa kwa mpingo, mti mzito ambao kipande chake ukikitupa majini kinazama. Mgongo wake umenyooka wima, una nyuzi zilizosukwa na vipande vyeupe vya pembe au mfupa vilivyopachikwa kwenye mbao nyeusi. Kina hata pahali pa kuwekea miguu. Sasa jiulizeni: mbona kiti kizuri hivi hakina mto? Jaribuni kukaa kama kinavyotaka: mgongo wima, mikono juu ya mihimili, miguu pamoja. Mmeona mlivyobadilika? Hakuna anayejikunyata. Kiti hiki kilikuwa cha mgeni mheshimiwa, na kazi yake ilikuwa kumfanya aliyekikalia aonekane mheshimiwa hata akiwa amechoka hoi.

Sasa punguzeni sauti, tumefika kwa mwenye nyumba.

Siwa, yaani baragumu kubwa la kupulizwa, hapa ni mbili. Moja ni ya Lamu, imetengenezwa kwa shaba. Nyingine ni ya Pate, kisiwa jirani, imetengenezwa kwa pembe za ndovu na kuchongwa nakshi, na urefu wake unapita mita mbili. Ndefu kuliko baba zenu wote! Wanahistoria wanaiweka siwa ya Pate katika karne ya 17, yaani miaka 300 na ushei iliyopita.

Tafuteni tundu la kupulizia. Mnalitafuta nchani? Halipo huko. Liko ubavuni. Mpigaji hakuiweka siwa mbele yake kama tarumbeta. Aliishika ikiwa imelala upande, akapuliza kwa ubavu. Pigeni picha kichwani: mtu ameinua chombo kirefu kumzidi yeye mwenyewe, nakshi zote zinaonekana na umati, na sauti inatoka mdomo mpana wa upande wa pili. Aliyekuwa mbali alisikia. Aliyekuwa karibu alisikia na kuona. Fundi aliyachanganya yote mawili kwa makusudi.

Na haikupulizwa ovyo. Siwa ilikuwa ya utawala. Ilisikika kwenye sherehe za watu wakubwa: wakati wa kutawazwa, wakati wa arusi za koo zenye jina, wakati wa kutahiriwa watoto wao. Mvuvi angeweza kuoza binti yake kwa ngoma na vifijo siku saba, lakini siwa asingeipata. Kusikia siwa ikilia mlangoni kwako kulikuwa tangazo kwa mji mzima kwamba nyumba hii si ya kuchezewa.

Ndiyo maana siwa ya Pate ina kisa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, katika mji wa Pate, palikuwa na bibi mmoja wa ukoo mkubwa, jina lake Mwana Darini. Habari za Pate, masimulizi ya watawala wa kisiwa kile, zinasema bibi huyu alimlaumu Sultani kwa kifo cha mumewe. Uchungu ungali moyoni, akasikia Sultani anatayarisha sherehe kubwa ya wanawe. Mwana Darini akasema: na mimi nina mwana, na sherehe ya mwanangu itakuwa siku hizo hizo.

Watu wakashika vinywa. Sherehe ya mtu mkubwa bila siwa ni sherehe gani? Akaiomba siwa, akanyimwa. Mwingine angekaa kitako akalia. Mwana Darini akamwita fundi hodari, akampa pembe za ndovu, akamwambia amchongee siwa yake mwenyewe. Fundi akajifungia ndani, akafanya kazi kwa siri. Sultani hana habari. Mji hauna habari. Siku ya siku ilipofika, siwa mpya ikatolewa nje, ikapulizwa. Mji ukatoka mbio kuangalia, na watu wakaituza fedha kwa furaha.

Inasimuliwa pia kwamba siwa ya zamani ya Pate iliazimwa, chombo kilichoibeba kikazama, nayo ikapotelea baharini. Ikabaki ile ya mwanamke aliyenyimwa. Sultani mwenyewe akawa hana budi kuitaka.

Masimulizi ni masimulizi, na kila msimulizi hutia chumvi yake. Lakini ukishakisikia kisa hiki, ukarudi kuitazama pembe ile, hutaiona tena kuwa "kitu cha kale". Utaona ugomvi wa watu wawili, na jinsi mmoja alivyoushinda kwa patasi ya fundi.

Mtoto mwenye macho makali ataniuliza: "Babu, na ndovu je?" Swali zuri. Kila pembe mnayoiona humu ilitoka kwa ndovu aliyeuawa. Biashara ya pembe ilileta utajiri mkubwa pwani hii, na huko bara ikayamaliza makundi ya wanyama wale. Mwaka 1989, Kenya ilikusanya tani 12 za pembe zilizokamatwa, Rais Moi akaziwasha moto katika Mbuga ya Nairobi, ili ulimwengu ujue kwamba biashara hiyo lazima ife. Kitu kilichokuwa fahari ya Sultani kimekuwa kitu cha kuchomwa hadharani. Siwa ile inabeba habari zote mbili, na mgeni mwerevu hachagui moja akaitupa nyingine.

Tutoke sasa, tupinde vichochoro mpaka Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya karne ya 18 ambayo nayo ni makumbusho. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na mkitazama juu mtajua kwa nini: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari ya chumba kipana. Mti ndio uliokata kipimo cha sebule. Chumba cha ndani kabisa kina ukuta wa vidaka, vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, ambamo wenyewe waliweka sahani na mabakuli ya kauri kutoka China.

Msikimbilie vidaka mkaisahau birika, tangi la maji ya kuogea na kutawadhia. Chunguzeni ndani. Wenye nyumba za Lamu walifuga humo visamaki vidogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, sakafuni mwa birika, palizikwa bakuli la kauri. La nini? Maji yakipungua, au birika ikioshwa, visamaki vilipata pa kujisitiri ndani ya bakuli vikangoja maji mapya. Hakuna dawa, hakuna umeme, na mbu wanakosa pa kukulia. Mimi husema bakuli lile la sakafuni lina akili kuliko yote yaliyopangwa ukutani.

Na maji yale, nani aliyateka? Hapa sitawafungia macho. Nyumba nyingi za mawe za Lamu zilitunzwa na watumwa, na mashamba ya bara yaliyowatajirisha wenyewe yalilimwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907. Aliyechonga vidaka tunamsifu hata kama hatujui jina lake. Aliyebeba ndoo hakuacha nakshi, kwa hiyo mgeni asipouliza, hatajwi. Uliza. Waongoza wageni wa Lamu wengi ni wenyeji, na swali la mtoto huwachangamsha kuliko salamu za watu wazima.

Mkipata nafasi, piteni na ngomeni, pale uwanja wa Mkunguni. Ngome ya Lamu ilimalizwa kujengwa mwaka 1821, baadaye ikawa gereza hadi mwaka 1984. Leo ni ya makumbusho, na ndani kuna maktaba na maonyesho. Mji wote wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwa hiyo hata kichochoro mnachopita mkila vibibi ni sehemu ya maonyesho.

Sasa nawaambia jambo lililonifanya niwalete huku kote. Wapo wanaosema makumbusho huua vitu. Siwa ilikuwa ikilia, leo iko kimya. Kiti kilikuwa kikikaliwa, leo ukikikalia utafukuzwa. Wasemao hivyo wana haki yao, maana siwa isiyopulizwa imenyang'anywa nusu ya uhai wake, na mimi pia ningependa kuisikia. Lakini fikirini ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kuikaribia zamani. Mwana wa Sultani, ndiyo. Mwana wa ukoo mkubwa, ndiyo. Mwana wa mvuvi aliisikia kwa mbali, na mwana wa mtumwa huenda alitumwa kuni wakati watu wanacheza. Mwana Darini mwenyewe, na ukubwa wake wote, alinyimwa.

Leo mtoto wa mvuvi wa Shela, hapa hapa kisiwani Lamu, na mtoto wa tajiri wa Nairobi wanasimama bega kwa bega mbele ya kioo kimoja, na siwa haimjui huyu wala yule. Anayeipata zaidi ni yule anayeuliza zaidi. Watawala walikuwa na sauti yake. Sisi tumepewa habari zake, na habari haina mlinzi mlangoni.

Huna nauli ya Lamu? Usinung'unike. Mombasa kuna Ngome ya Yesu, Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho, Mwanza kuna Bujora na ngoma za Wasukuma, Songea kuna Makumbusho ya Majimaji. Nenda iliyo karibu nawe. Chagua kitu kimoja tu, ukae nacho, umuulize mwenyeji maswali manne: Nani alikitengeneza? Nani alikitumia? Nani alikatazwa kukitumia? Na kimefikaje hapa? Likikosekana jibu la swali la tatu, usiondoke. Hilo ndilo lenye hadithi.