Uzito wa Shingo: Pikapu, Trela na Safari ya Ruma

Msomaji wetu wa Migori ana pikapu ya dizeli ambayo kitabu chake kinasema inavuta kilo 3,500. Amepata trela ya kulala yenye kilo 1,100 ikiwa tupu, na anataka kuipeleka familia yake Mbuga ya Taifa ya Ruma, katika bonde la Lambwe, wakawaone korongo, swala wakubwa ambao Kenya wamebaki huko tu. Anauliza: si bado ana nafasi ya kilo 2,400?

Hana. Kwanza, trela tupu haisafiri. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100. Mtungi wa gesi wa kilo 13 una kilo 13 za gesi, na chuma chake hakijahesabiwa. Ongeza magodoro, vyakula, jiko, betri na jenereta, na trela ya kilo 1,100 inafika 1,600 bila mtu kushtuka. Nguvu ya injini sitaizungumzia. Pikapu za leo hazina shida hiyo. Ninalotaka msomaji alijue ni mahali ambapo kilo hizo 1,600 zinakaa.

Aliyewahi kupakia mkokoteni wa ng'ombe wa magurudumu mawili ameshaishika fizikia hii mikononi. Magunia yakijazana nyuma ya ekseli, mti wa mkokoteni huinuka, nira ikapanda, kamba zikawakaba ng'ombe koo. Yakijazana mbele, nira huwakandamiza, na kwenye mteremko wanakaribia kupiga magoti. Kwa hiyo mpakiaji mzoefu hupanga magunia machache, huinua mti kwa mkono, husogeza gunia, huinua tena, mpaka mti uwe mzito kidogo kuelekea chini. Hataki ng'ombe wabebe mzigo, maana hiyo ni kazi ya magurudumu. Anataka nira itulie shingoni, isirukeruke kila gurudumu likipiga jiwe.

Trela nayo ina mti na ina shingo. Uzito unaokaa juu ya kiungio, pale trela inaposhikana na gari, wengine wangeuita uzito wa pua au wa ulimi. Pua haibebi kitu, na ulimi una kazi nyingine. Nauita uzito wa shingo, na naomba mafundi wa Awendo na Homa Bay waujaribu mdomoni.

Kipimo kinachofuatwa sana kwa trela za kulala zinazovutwa na pikapu ni sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa kilo 1,600, shingo ipate kilo 160. Sasa tazama zinavyofanya kazi. Kiungio kiko kama mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ekseli mbili za pikapu zimeachana kama mita 3.1. Ekseli ya nyuma inakuwa egemeo: kilo 160 zinaibonyeza kwa kilo 222, na magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 62. Ukirundika mizigo mbele ya trela hadi shingo ifike kilo 400, mbele ya gari panapungua kilo 155, na hapo ndipo penye uskani.

Shingo ikiwa nyepesi, hatari ni kubwa zaidi. Basi linakupita kwa kasi kati ya Awendo na Rongo, upepo wake unaisukuma trela kando. Matairi ya trela yanakwenda mshazari kidogo, na mshazari huo ndio unaozaa nguvu ya kuirudisha kwenye mstari. Lakini kama mkia ni mzito, trela ikirudi haisimami katikati. Inapitiliza upande wa pili, na kila inapoyumba inavuta matako ya gari.

Na hapa ndipo ninapopapenda: mwendo unaila dawa. Mshazari wa tairi unategemea kasi ya kwenda kando ikigawanywa kwa kasi ya kwenda mbele. Trela ikiyumba vilevile huku gari likikimbia maradufu, mshazari huo unakuwa nusu, na nguvu ya kutuliza mtikisiko nayo inapungua karibu nusu. Kwa hiyo kila trela ina mwendo wake wa mpaka. Chini ya mwendo huo mtikisiko unakufa wenyewe. Juu yake, kila yumbo ni kubwa kuliko lililotangulia. Kusogeza mzigo mbele kunaupandisha mpaka huo. Ndiyo maana trekta linalopeleka miwa kiwanda cha sukari cha SONY, Awendo, linaweza kuvuta trela iliyofurika bila kuyumba: linakwenda taratibu, na mpaka wake halijaukaribia.

Kupima ni rahisi. Trela ikiwa imejaa, kwenye ardhi tambarare, laza ubao mgumu, ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani ya kupimia watu. Weka mguu wa mbele wa trela juu ya ubao, theluthi moja ya urefu kutoka kwenye tofali. Zidisha namba ya mizani kwa tatu. Ikipungua, hamisha mzigo: tangi la kilo 100 likitoka mita moja nyuma ya ekseli na kuwekwa mita moja mbele yake, katika trela ambayo kiungio kiko mita nne kutoka ekseli, shingo inapata kilo 50.

Kilo za shingo zihesabiwe pia ndani ya mzigo wa pikapu, pamoja na abiria. Ile 3,500 ni ya trela yenye breki zake. Bila breki, pikapu kama Hilux inaruhusiwa kilo 750 tu. Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika uskani usawa.

Basi namjibu msomaji: trela yako inavutika, ikiwa ina breki. Kabla hujalipa, ijaze, ipime shingo, na kama haifiki kilo 160 hata ukipanga upya, tafuta trela nyingine.