Macho Kumi, Kitabu Kimoja

Wanafunzi watano wakizunguka kitabu kimoja, msomaji ni yule aliyekishika. Wa pembeni huona ukurasa kwa mshazari, na walio upande wa pili wa meza huona herufi zikiwa juu chini. Sauti zao zikipanda pamoja, mwalimu huamini darasa linasoma, kumbe wanne wanamfuata mmoja kwa sikio. Kwa mwalimu mwenye vitabu vichache, hilo ndilo la kutatua kwanza: kila mtoto ayaone maandishi kwa macho yake na ayasome mwenyewe, kila siku, hata kama ni sentensi nne tu.

Tangu Januari 2018 serikali ya Kenya hununua vitabu na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, ikilenga kila mwanafunzi apate chake katika masomo ya msingi. Hatua hiyo ilisaidia mno. Hata hivyo, pale Naivasha, ambako wazazi wengi hufuata vibarua vya mashamba ya maua, idadi ya watoto darasani hubadilika mwaka ukiendelea, na anayehamia muhula wa pili hukuta vitabu vimeshagawiwa.

Tena kitabu chenyewe hakitoshi. Mwaka 1996, shule 25 za Busia na Teso zilianza kupewa vitabu vya kiada. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipozilinganisha na shule ambazo hazikupewa, wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu awali. Vitabu vile vilikuwa vya Kiingereza, nacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu. Hali hiyo twaijua hapa Nakuru: mtoto wa Kuresoi anaweza kuzungumza Kikipsigisi nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha afungue kitabu cha sayansi cha Kiingereza.

Nakuru ilikuwa miongoni mwa kaunti ambako mradi wa kusoma na hesabu wa PRIMR ulijaribiwa, kabla ya mpango wa kusoma wa Tusome kuenea nchi nzima kuanzia 2015. Katika miradi hiyo kitabu kiliambatana na mwongozo wa mwalimu wa kila somo, na maafisa waliotembelea madarasa kumshauri mwalimu. Naamini nguvu ya miradi hiyo ilikuwa katika muungano huo.

Sasa tuseme una watoto 60 na vitabu 10. Usinakili ukurasa mzima ubaoni. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30, nawe utazimaliza ukiwa umelipa darasa mgongo. Andaa kifungu kifupi mapema, kwa herufi kubwa, nyuma ya kalenda ya zamani au kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Kisome ukionyesha kila neno, msome pamoja, kisha wawiliwawili, kisha mtoto mmojammoja. Mwisho wakinakili kwenye daftari. Muhula ukiisha, daftari hilo ni kitabu chenye vifungu kadhaa, na ni mali ya mtoto.

Vifungu vingine vitoke vinywani mwao. Waulize kuhusu kuvuna mahindi au kupanda Mlima Menengai, uandike sentensi zao kama walivyozisema. Maana wanaijua tayari, kwa hiyo akili yote inabaki kwenye herufi. Wala si kazi ya Kiswahili pekee. Maswali ya hesabu ya bei za viazi huandikika vivyo hivyo.

Vitabu 10 navyo vizungushwe. Gawa darasa makundi matatu ya watoto 20: moja lisome vitabuni wawiliwawili, la pili lisome daftari zake, la tatu liwe nawe. Kundi linalokuhitaji zaidi ni la wanaosuasua, ingawa mazoea yetu ni kuwapa kitabu walio wepesi ili kipindi kiende.

Halafu kuna stoo. Walimu wakuu wengi hufungia vitabu humo wakiogopa kudaiwa vikipotea, na hofu yao ina msingi. Njia ipo: kitabu kivikwe jalada la khaki, kipewe namba, mzazi atie sahihi, kiende nyumbani Ijumaa kwa zamu na kurudi Jumatatu.